Maswali ya Wasomaji: Msalaba mwekundu kwenye ukuta wangu

Mvua zinaelekea kwisha hapa Lubumbashi, Kongo, na kila aliyechomesha matofali mwaka jana ameanza kuyahesabu. Ndiyo maana barua za mwezi huu karibu zote zinauliza juu ya ruhusa ya kujenga, ile permi. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu katika kazi yangu ya kuchora plani nimekutana na familia nyingi za pembezoni mwa mji zilizokwama mahali hapo hapo.

*Jambo Mama. Nauza unga katika soko la komine ya Kenya hapa mjini, nina watoto wanne. Nilinunua parseli, kiwanja cha mita 20 kwa 25, Kalebuka, kwa ndugu wa chifu. Nina hati ya kuuziana yenye mashahidi na alama za vidole, na fishi ya parseli, karatasi niliyopewa na ofisi ya kartiye, yaani ya mtaa. Katikati kulikuwa na kichuguu kikubwa, tukakibomoa, udongo wake ndio tuliofyatulia matofali. Fundi masoni ameweka fondasio, yaani msingi, na ukuta umefika usawa wa madirisha. Juzi wamekuja watu wawili, wakapaka msalaba mwekundu ukutani na kuandika kwamba nyumba ni ya kubomolewa. Wameniachia karatasi ya wito. Mmoja akanivuta pembeni, akasema nikimpa dola 150 mkononi nitaendelea kujenga bila shida. Majirani wananiambia nitoe, wao walitoa. Permi inaombwa wapi? Na ninaweza kuipata kwa ukuta ambao umeshasimama? Wanaweza kweli kubomoa?*
*Mama wa Kalebuka*

Mama, usitoe hizo dola. Nakuomba sana. Pesa ya mkononi haiachi karatasi yoyote. Yule bwana akihamishwa, au akirudi na mwenzake mwingine, huna cha kumwonyesha, na jina lako litakuwa bado kwenye daftari la ofisi kama mtu anayejenga bila ruhusa. Majirani zako waliotoa hawana permi hata mmoja. Wananunua muda, na siku barabara itakapopitishwa pale watakuwa hawana neno la kusema mbele ya hakimu.

Lakini usijifiche pia. Mwambie masoni asimame leo, afunike kichwa cha ukuta kwa nailoni na mawe ili mvua za mwisho zisiingie kwenye viungo. Siku ya wito nenda mwenyewe, na mtu mzima mmoja unayemwamini, ukiwa na fotokopi za karatasi zako. Za asili ziache nyumbani. Pale omba jambo moja kwa upole na usiondoke bila hilo: sababu ya kusimamishwa iandikwe kwenye PV, yaani taarifa rasmi ya ofisi, nawe upewe nakala. Kuna sababu inayotibika na sababu isiyotibika. Kukosa permi kunatibika. Kujenga juu ya njia iliyochorwa kwenye ramani ya mji, chini ya laini kubwa ya umeme ya SNEL, kando ya reli au kwenye ukingo wa mto, hakutibiki. Huko ukuta utaanguka hata ukilipa mara kumi. Bila kujua uko upande gani, kila faranga utakayotoa ni ya kubahatisha.

Sasa tuje kwenye karatasi zako, maana hapo ndipo permi inapoanzia. Watu wengi wanakwenda kuomba permi wakiwa na matofali na plani, wanarudishwa, halafu wanasema ofisi inawaonea. Kinachowarudisha ni ardhi. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, inasema udongo wa nchi hii ni mali ya Serikali peke yake. Sisi tunapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inathibitishwa na karatasi moja tu: sertifika, cheti cha ardhi anachokitoa konservata, ofisa anayetunza hati za ardhi. Hati yako ya kuuziana inaonyesha kwamba ulilipa. Fishi inaonyesha kwamba kartiye inakujua. Zote mbili ni za thamani, zitunze mahali pakavu, lakini hakuna hata moja inayokupa ardhi, na faili la permi haliwezi kusimama juu yake. Amri ya waziri ya tarehe 26 Juni 2013, ambayo ndiyo inayoongoza permi nchini, inaanzia kwenye hati ya ardhi kabla haijafika kwenye nyumba.

Sisemi kwamba ndugu wa chifu alikuibia. Komine Annexe, ambamo Kalebuka imo, imeuzunguka mji huu pande zote, na mji umekua kuelekea kwenye ardhi za vijiji. Sheria hiyo hiyo ya 1973 iliziweka ardhi za vijiji ndani ya mali ya Serikali, kisha katika kifungu cha 389 ikaahidi amri ya Rais ya kuzipangia haki zake. Watu hawakungoja amri; waliuza, wakanunua, wakajenga, wakazaa. Chifu na ukoo wake wanajua nani amekaa wapi tangu zamani, na ushahidi wao unahitajika utafiti utakapofanywa. Ila hawawezi kukupa ile karatasi.

Kwa hiyo safari yako ina hatua mbili, ardhi kisha nyumba, na usikubali mtu akuchanganyie.

Kwa ardhi, anza na kadasta, ofisi ya vipimo vya ardhi. Kabla ya kulipa chochote uliza maswali mawili: je, parseli hii iko ndani ya mgawanyo wa viwanja uliokubaliwa, na je, kuna mtu mwingine mwenye namba juu yake? Swali la pili ndilo linaloniumiza zaidi. Katika mji wetu udongo mmoja unauzwa kwa watu wawili, hata watatu, na anayegundua mapema hupoteza kidogo. Ukijibiwa vizuri, jeometa wa kadasta atakuja kupima na kuweka borne, alama za mpaka, kwenye pembe nne. Waite majirani wote wanaopakana nawe siku hiyo, wawepo, waone, watie sahihi kwenye PV. Mama mmoja niliyemchorea nyumba aliwapikia bukari, yaani ugali, na samaki siku ya vipimo, wakakaa hadi jioni, na miaka ilipopita jirani mmoja alipotaka kusogeza ukuta wake wale wengine ndio waliomzuia.

Kutoka hapo faili linakwenda kwa konservata. Kwa kawaida hupewi sertifika papo hapo. Unapewa kwanza mkataba wa kukodi kutoka kwa Serikali, wa muda usiozidi miaka 3, unaokutaka uiendeleze ardhi, yaani ujenge. Ukishajenga wanakuja kuona, wanaandika kwamba ardhi imeendelezwa, ndipo unapata haki ya kudumu na sertifika yako. Wengi hawalijui hili, wanadhani lazima wangoje sertifika ndipo waombe permi. Mkataba huo wa kukodi ndio unaofungua mlango: huwezi kuambiwa ujenge ndani ya miaka 3 kisha ukakatazwa kuomba ruhusa ya kujenga. Na sertifika ikishatoka, hesabu miaka 2. Baada ya hapo sheria haimruhusu mtu kuishambulia ili akunyang'anye haki yako. Anayedai atabaki kudai fidia kwa aliyekosea. Hebu fikiria, Mama, maana ya jambo hilo kwa watoto wako wanne.

Hatua ya nyumba inaanzia komine, kwenye huduma ya irbanisme, yaani ya mipango miji. Wao ndio watakaokuambia faili lako linasainiwa wapi, kwa maana kadiri jengo linavyopanda ndivyo sahihi inavyopanda ngazi. Nyumba ya chini kama yako haina safari ndefu kama ya ghorofa. Unaandika barua ya kuomba, unaambatanisha hati ya ardhi, plani, na makadirio ya gharama pamoja na maelezo ya vifaa. Peleka barua nakala mbili. Moja inabaki kwao, nyingine wanaipiga muhuri wa mapokezi wenye tarehe na unarudi nayo. Bila muhuri huo faili linaweza kulala kwenye meza ya mtu na huwezi kuthibitisha kwamba lilifika. Wakati wa kulipa, subiri noti ya malipo yenye jina lako na kiasi kilichoandikwa, ulipe benki, utunze bordero, ile stakabadhi ya benki. Ukiambiwa "acha hapa mimi nitakupelekea benki," jibu kwamba unapita huko huko.

Sasa plani. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naona watu wanaiona kama karatasi ya kumridhisha ofisa. Wanakwenda pale kwenye fotokopi wananunua plani ya nyumba ya mtu mwingine, wanafuta jina, wanaandika lao. Ofisa anayejua kazi anaiona mara moja: madirisha ya chumba cha kulala yanatazama ukuta wa jirani, mlango wa choo uko upande ambao parseli yao haina nafasi. Na hata ofisa asipoona, nyumba itaona.

Plani yako, Mama, lazima ionyeshe parseli yote, siyo nyumba peke yake. Nitakutajia mambo mawili ambayo ni ya Kalebuka kabisa.

La kwanza ni kichuguu. Vichuguu vya huku kwetu Katanga hufika mita 8 kwenda juu, na upana wake chini ni mkubwa kuliko nyumba nyingi. Ulipokibomoa kwa ajili ya matofali uliondoa kinachoonekana, lakini mguu wake umebaki ardhini, mfinyanzi mzito, tofauti na udongo mwekundu wa pembeni. Fondasio ikikaa nusu juu ya mguu wa kichuguu na nusu nje, nyumba imekaa juu ya udongo wa namna mbili, na kila namna inatulia kwa mwendo wake. Baada ya misimu michache ya mvua unaona ufa unaoanzia kwenye pembe ya dirisha na kushuka kama ngazi. Kwa hiyo mwambie mchoraji akichore kichuguu pale kilipokuwa, kwa mstari wa nukta nukta. Kisha chimbeni shimo dogo kando ya fondasio mliyokwisha kuiweka, upande wa kichuguu na upande wa pili, muone imekalia nini na imeshuka kiasi gani. Shimo hilo litakusaidia pia watu wa irbanisme watakapokuja kukagua, kwa kuwa hawawezi kuidhinisha fondasio wasiyoiona.

La pili ni kisima na choo. Najua bomba la maji la Regideso halifiki kila avenyi, yaani kila barabara ya mtaa, na kila parseli inachimba kisima chake na shimo lake la choo. Kipimo cha chini kinachotumiwa na mashirika ya misaada duniani ni mita 30 kati ya choo cha shimo na kisima, na chini ya shimo pabaki mita moja na nusu juu ya maji ya ardhini. Parseli yako ni 20 kwa 25. Ukipima kutoka pembe hadi pembe ya mbali kabisa unapata mita 32. Maana yake ni kwamba kisima chako kitakuwa salama na choo chako pale tu kimoja kikiwa kwenye pembe hii na kingine kwenye pembe ile ya mshazari, na hapo bado hatujamtaja jirani. Shimo lake linaweza kuwa mita tatu kutoka kisima chako, nyuma ya ukuta, na wewe hulioni. Kipindupindu kinaujua mji huu, na watu wanaokunywa kutoka visima vya namna hiyo ndio kinaowakuta kwanza. Mimi ningefanya hivi: ningezunguka kwa majirani wote, ningepima mashimo yao kwa kamba, na ningeyachora kwenye plani yangu pamoja na langu. Mkikuta hakuna mahali pa kisima penye mita hizo, ongeeni kama avenyi mchangie kisima kirefu kimoja kilichochimbwa kwa mashine, mahali mtakapokubaliana. Pesa ambazo kila mmoja aliwapa wale watu wawili zingekuwa mwanzo mzuri wa mchango huo.

Uliuliza kuhusu ukuta uliosimama. Ndiyo, faili la kurekebisha linapokelewa, ila kwa sharti kwamba plani ionyeshe kilichopo. Usichore nyumba uliyoiota huku ardhini pamesimama nyingine. Mkipata kwamba chumba kimoja kimekaribia mno mpaka, afadhali ubomoe mistari michache ya matofali sasa, wewe mwenyewe, na kuyatumia tena, kuliko kungoja paa liwepo. Faini utalipa, hilo jiandae nalo, na ilipwe kwa noti kama malipo mengine.

Wanaweza kubomoa? Wanaweza. Na sheria ya ardhi ina makali zaidi ya hayo: kutumia ardhi bila hati wala mkataba ni kosa la kifungo cha miezi 2 hadi 6 na faini. Sikuambii hivi nikutie hofu. Nakuambia kwa sababu nimeona mtu mwenye faili lililopigwa muhuri wa mapokezi akisikilizwa kwa namna tofauti kabisa na mtu mwenye mikono mitupu. Kiangazi kinaanza Mei, kinakwenda hadi Septemba. Hatua ya ardhi huenda ikala kiangazi chote hiki. Matofali yaliyoiva vizuri hayaozi, yapange juu ya mawe na uyafunike, yatakungoja.

*Bonjour Mama. Baba yetu alifariki akatuachia nyumba Katuba, aliyoipata zamani kabla sijazaliwa. Karatasi ni kitabu kidogo, livret de logeur, kwa jina lake. Mama bado anaishi humo. Nataka kupandisha ghorofa moja juu yake, vyumba vinne vya kupangisha, mapato tuyagawane. Kaka zangu wawili wamekubali. Dada yetu ameolewa Likasi, sikuona haja ya kumsumbua. Je, naweza kuomba permi kwa jina langu?*
*Kitindamimba wa Katuba*

Mdogo wangu, msumbue dada yako. Mpigie leo.

Kanuni ya Familia, sheria ya tarehe 1 Agosti 1987, inawaweka watoto wote wa marehemu katika kundi la kwanza la warithi. Haimtoi aliyeolewa, haimtoi msichana, na sehemu za watoto zinalingana. Kundi hilo linachukua robo tatu za urithi. Na mama yenu, kama mjane, ana haki ya kuendelea kuitumia nyumba aliyoishi na mume wake. Ukienda kuomba permi kwa jina lako unaomba kujenga juu ya sehemu ya dada yako na juu ya kichwa cha mama yako, na ndugu mmoja tu akipeleka barua ya kupinga faili linasimama pale lilipo. Nimeona nyumba za Katuba na Kenya zenye nguzo za ghorofa zilizochomoza vyuma vyenye kutu, familia ndani haisalimiani. Hilo ndilo ninalotaka uliepuke kuliko msalaba mwekundu.

Kaeni kikao cha familia, wote, mama akiwa kati yenu. Andikeni mlichokubaliana: nani anatoa pesa ya kujenga, nani anapokea kodi, na kwa kiasi gani. Suala la nani aliyeweka simenti lisiachwe kwenye maneno, kwa sababu baada ya miaka mitano kila mtu anakumbuka mifuko aliyoileta yeye. Kisha mpeleke urithi mahakamani ili warithi watambuliwe, na kwa uamuzi huo konservata abadilishe jina.

Habari njema kwako ni kile kitabu kidogo. Watu wa komine za zamani wanakidharau, wengine wamekiacha kikaliwa na panya. Kifungu cha 390 cha sheria ya 1973 kinasema Mkongomani mwenye livret de logeur iliyopatikana kihalali, juu ya parseli iliyo katika eneo lililogawanywa na kupimwa na kadasta, anatambuliwa kuwa na haki ya kudumu juu yake. Una msingi ambao yule mama wa Kalebuka hana. Igeuzeni kuwa sertifika kwa majina ya warithi, na mkiomba permi ombeni wote, au mpeni mmoja wenu idhini iliyoandikwa na kuthibitishwa.

Kuhusu ghorofa yenyewe, nina mashaka makubwa. Nyumba nyingi za umri huo huko Katuba zilijengwa kwa tofali lililounganishwa na udongo, juu ya fondasio isiyo na kina. Zilikusudiwa kubeba mabati na dari, basi. Permi ya ghorofa inadai hesabu za uimara wa jengo zilizosainiwa na injinia: nguzo, mihimili, dala, yaani sakafu ya zege ya juu. Injinia mwaminifu akiona kuta zile atakuambia ama nguzo za zege zijengwe na fondasio zake zenyewe, nje ya kuta za zamani, ghorofa isiiguse nyumba ya mama yako kabisa, ama uache ghorofa na ujenge vyumba vya chini nyuma ya parseli kama nafasi ipo. Ukipata injinia atakayekuambia kwamba ukuta wa tofali na udongo unabeba dala, mshukuru, mlipe nauli, utafute mwingine. Mama yenu analala chini yake.

*Mimi naishi Ruashi. Nyumba nilishaijenga kwa permi. Sasa nataka tu kuzungushia ukuta na kuweka duka dogo upande wa barabara. Ukuta nao unahitaji ruhusa?*
*Baba wa Ruashi*

Ndiyo, Baba, unahitaji, na duka linahitaji zaidi. Permi yako ya kwanza ilitolewa kwa nyumba ya kuishi kama ilivyochorwa. Duka ni jengo jipya lenye matumizi mengine, kwa hiyo lichorwe pamoja na ukuta katika faili moja ili usilipe safari mbili.

Ukuta ndio unaozaa kesi nyingi za mipaka, kwa hiyo kabla ya kuchimba tafuta borne zako nne. Kama moja imepotea, mwite jeometa airudishe, usiikadirie kwa macho na jirani hata kama mnapatana. Borne ibaki inaonekana. Usiifukie ndani ya zege.

Upande wa barabara, duka lisivuke mstari wa parseli hata kwa ngazi. Watu wanaweka duka ndani ya mpaka kisha wanamwaga kibaraza cha zege juu ya mfereji ili wateja wapite. Januari mvua ikija, maji yaliyokuwa yapite kwenye mfereji yanaingia kwa jirani wa chini, na huyo ndiye atakayekwenda kukushtaki komine. Chora kivuko cha vipande vya zege vinavyonyanyuliwa, ili mfereji uweze kusafishwa, na uandike kipimo chake kwenye plani. Geti lifunguke kwa ndani. Sertifika na permi ya kwanza fanya fotokopi za zote mbili uziambatanishe na barua. Wakiona faili la zamani limekamilika, hili la ukuta halitakuchosha.